Uniti ya Sabini na Sita

Mama yangu ana daftari la umeme. Ni daftari la shule la kurasa arobaini, analiweka juu ya friza pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili wajukuu wasiondoke nayo. Kila alfajiri baada ya swala anasogeza kigoda chini ya mita, anawasha tochi ya simu na kuandika namba anayoiona. Tarehe kushoto, uniti zilizobaki kulia, na katikati maelezo kama yapo: "wageni wa Newala", "pasi, nguo za shule", "mtoto kaacha friza wazi usiku kucha". Nimewahi kufanya kazi na wahasibu wenye shahada zao ambao vitabu vyao havifikii usafi wa daftari hilo.

Anaishi Mikindani, kilomita kama kumi kutoka Mtwara mjini ninakokaa mimi. Anauza barafu. Wavuvi wanachukua za kuhifadhia samaki, watoto wanachukua zile za ukwaju na ubuyu, na Ramadhani ikifika anauza maji ya baridi mpaka anachoka kuhesabu chenji. Friza aliinunua kwa pesa ya korosho za shamba aliloacha marehemu baba, msimu ambao mnada ulitupa bei ya kueleweka.

Asubuhi moja simu ikaita.

"Mwanangu, umeme umepanda."

"Shikamoo mama. Umeme haujapanda. Bei ni ile ile tangu 2016."

"Marahaba. Usinipe habari za 2016. Nimeweka elfu kumi nimepata ishirini na tatu. Zamani elfu kumi ilikuwa haiishi mpaka nasahau siku niliyonunua."

Nikamwambia anisubiri Jumamosi. Nilikwenda na uhakika wangu wote wa mtoto aliyesoma, nikijua kwamba kakosea kusoma ujumbe. Nilirudi jioni nikiwa mdogo kidogo. Mtu anaweza kusema bei haijapanda, akawa hajadanganya, na bado akawa hajajibu alichoulizwa.

Risiti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, wengi wetu tunasoma mstari mmoja tu, ule wa tarakimu ishirini. Ukishaingiza na mita ikakubali, karatasi inatupwa au ujumbe unafutwa. Siku ile tulisoma mistari mingine. Mteja wa matumizi ya kawaida, daraja la T1, anauziwa uniti moja kwa shilingi 292. Juu yake inapandishwa VAT asilimia 18, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Uniti inafika shilingi 356. Katika elfu kumi yako, shilingi 8,196 ndizo zinazonunua umeme na 1,803 zinakwenda kwenye kodi na tozo, na unapata uniti 28. Kuna watu wanaijua hiyo 28 kuliko umri wao. Sasa ikiwa ni manunuzi ya kwanza ya mwezi, kodi ya jengo inakatwa kabla ya yote. Ilianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Elfu kumi yako inaingia dukani ikiwa 8,500, inatoka na uniti ishirini na tatu na ushee. Namba ya mama hiyo hapo.

Lakini kodi ya jengo haielezi kwa nini zamani elfu kumi "ilikuwa haiishi". Hilo lilikuwa ndani ya daftari.

Kwa mtumiaji mdogo wa nyumbani kuna daraja la D1, ambalo mitaani linaitwa tarifu 4. Humo uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, pamoja na kodi 122. Uniti zote 75 ni shilingi 9,150. Ukivuka, uniti ya 76 inakuwa shilingi 350 kabla ya kodi, 427 baada ya kodi. Na ukizoea kuvuka unahamishiwa T1, ambako hata uniti ya kwanza kabisa ya mwezi ni 356. Zile zile 75 zilizokuwa 9,150 zinakuwa zaidi ya 26,700.

Kabla ya friza daftari linasema 28, 31, 27 kwa mwezi. Taa nne, televisheni, kuchaji simu, pasi mara moja moja. Baada ya friza linasema 88, 91, 86. Mwezi uliofuata maandishi ya mama yanabadilika, anakandamiza kalamu, na pembeni ameandika neno moja: "Mbona?"

Tulipiga hesabu tukiwa tumekaa kwenye mkeka. Friza inakula karibu uniti mbili kwa siku. Kwa tarifu 4 hizo ni shilingi 244. Kwa T1 ni 712. Tofauti ya siku moja ni 468, ya mwezi ni kama elfu kumi na nne. Barafu yake anauza mia mbili.

"Mifuko sabini," alisema, akiwa ameshafika kabla yangu. "Sabini natengeneza bure."

Sina ugomvi na bei nafuu ya D1. Imemfanya mjane mwenye taa tatu asirudi kwenye koroboi, na hilo si dogo. Ugomvi wangu ni na ule mstari wa 75, kwa sababu mstari hauulizi wewe ni nani. Mstaafu anayeishi peke yake Shangani, hapa hapa Mtwara, kwenye nyumba ya vyumba vitano anaweza kukaa chini ya 75 kwa raha zake, anapika kwa mtungi na jioni anapigwa upepo wa bahari. Lakini nenda Magomeni kwenye nyumba ya kupanga, vyumba sita, familia sita, mita moja. Kila familia inatumia uniti 20 au 25, chini kabisa ya kiwango cha mtumiaji mdogo. Zikijumlishwa mita inaona mtu mmoja mkubwa. Kwa hiyo familia sita ambazo hazina friza hata moja zinalipa 356, na mstaafu wetu analipa 122.

Nimeishi kwenye nyumba hiyo miaka minne. Kila tarehe tano mama mwenye nyumba alipita na karatasi, taa moja mia tano, televisheni elfu mbili, na mtu wa friji alitajwa kwa sauti ya chini kama mwenye ugonjwa. Mpangaji wa chumba cha mbele alikuwa na hita aliyoificha kwenye ndoo, akichemsha maji ya kuoga saa kumi usiku wakati wote tumelala. Siku moja taa zikafifia nyumba nzima, hita ikakamatwa ikiwa bado inatoa moshi, na tukakaa kikao mpaka adhuhuri. Hapakuwa na aliyejua kwamba tatizo letu kubwa halikuwa hita. Tulikuwa sita ndani ya mita moja, basi.

Mama alinisikiliza, akakunja daftari, halafu akauliza lile swali ambalo hapa Mtwara mtoto anazaliwa nalo.

"Haya, na gesi si yetu? Kwa nini tunalipa sawasawa na watu wa Dodoma?"

Mwaka 2013 nilikuwa na umri wa kuelewa, na sikuwa na umri wa kukaa ndani nilipoambiwa nikae ndani. Mei 22 bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilisomwa bungeni na mji mzima ulikuwa kwenye redio. Bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam litajengwa. Kilichofuata ni moshi wa matairi, mabomu ya machozi, nyumba zilizochomwa, wanajeshi barabarani, na watu waliozikwa. Kauli ilikuwa moja, gesi haitoki. Gesi ilitoka. Oktoba 2015 likazinduliwa bomba la inchi 36 kutoka Madimba, kwenye kiwanda cha kusafisha gesi hapa Mtwara, hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 ukiweka na tawi la Songo Songo, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Ndugu zetu wa Kilwa walikuwa wameshayaona hayo. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikalala miaka thelathini, na ilipoamka mwaka 2004 ikaenda moja kwa moja Ubungo, Dar es Salaam.

Wakati ule watu wa nje waliandika kwamba tunagombea ajira. Ajira zilikuwemo, na viwanda, na bei za viwanja zilizokuwa zimepanda kama moto wa kiangazi. Ila chini ya yote kulikuwa na mantiki ya kawaida kabisa ya soko. Samaki ni nafuu Msangamkuu kuliko Masasi, kwa sababu Msangamkuu ndiko anakotoka. Ming'oko, vile viazi vya porini, ni nafuu kwa aliye karibu na pori. Basi umeme wa gesi ya Msimbati kwa nini usiwe nafuu Msimbati?

Umeme wa nchi hii hauuzwi kama samaki, unauzwa kama stempu ya posta. Bei ni moja kila mahali. EWURA inapokaa kupitia maombi ya TANESCO, shirika la umeme, gharama zote zinamwagwa kwenye sinia moja: maji, gesi, mafuta, nguzo, madeni, umeme unaopotea njiani. Kinachopatikana kinagawiwa kwa madaraja ya wateja, bila kuangalia wilaya. Bukoba ambako kwa miaka mingi umeme ulinunuliwa Uganda, Sumbawanga ambako ulinunuliwa Zambia, na kijana wa Msimbati ambaye kisima cha gesi anakiona akienda kuvua, wote bei moja.

Nililiona hilo kuwa dhuluma kwa muda mrefu, na nilikuwa nalisema kwa sauti, mpaka siku niliyolisema mbele ya mjomba.

Mjomba alifanya kazi kwenye mitambo ya dizeli ujana wake. Mtwara na Lindi hazikuwa kwenye gridi ya Taifa. Mji uliwashwa na mashine zilizounguruma usiku kucha, na dizeli yake ililetwa kwa meli au kwa lori. Vijana wa sasa wanaokula wali wa Kibiti saa nne asubuhi na kufika Dar mchana hawajui barabara ile ilikuwa nini. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake kulikuwa na kivuko, na masika ikikaza lori la mafuta lililala tope wiki, dereva akaoa.

"Lita moja ya dizeli," mjomba alisema, "mashine ikiwa nzima, inakupa uniti tatu na nusu. Piga hesabu."

Nikapiga kwa bei za siku hizi ili nielewe. Dizeli ikiwa shilingi 2,800, uniti moja inakula mafuta ya shilingi 800. Hapo hujalipa oili, vipuri wala mjomba. Na bei ya kuuzia ilikuwa ile ile ya nchi nzima.

"Sasa iliyobaki alikuwa analipa nani?"

"Kidatu," akajibu, kama anamtaja mtu.

Alikuwa na maana ya maji. Mitambo ya Kidatu kule Kilombero, megawati 204, na Mtera, megawati 80, ilizalisha umeme wa gharama ndogo, wateja wa huko wakalipa bei ya Taifa, na ziada yao ndiyo iliyonunua dizeli yetu sisi. Miaka na miaka. Hapakuwa na mtu wa Kilombero aliyechoma tairi akisema maji hayatoki. Nilinyamaza. Mjomba ana tabia ya kutokufurahia ushindi wake, alichukua korosho nyingine kwenye sahani na kuuliza habari za watoto.

Gesi ya Mnazi Bay, yaani hiyo ya Msimbati, yenyewe iligunduliwa 1982. Ilikaa chini miaka zaidi ya ishirini mpaka kampuni ya Artumas ya Canada ilipokuja kufunga mitambo ya megawati 18 mjini, na kuanzia 2007 tukaanza kuwaka kwa gesi badala ya dizeli. Kwa hiyo gesi ilikuwa imetusaidia kabla ya bomba, ila msaada wake haukuandikwa kwenye risiti ya mtu yeyote. Bei ya Mtwara haikushuka kwa sababu haikuwa imepandishwa kwa ajili ya dizeli. Hasara tu ndiyo iliyopungua, huko kwenye sinia.

Nilijaribu kumweleza mama jinsi shirika la umeme linavyochagua liwashe nini, na nikaona mfano uko mbele yangu. Jikoni kwake kuna majiko matatu. Kuna jiko la mkaa, na gunia lake amelinunua jumla, liko stoo. Kuna mtungi wa gesi, anautumia kwa chai kwa sababu ni wa haraka. Na kuna jiko la presha la umeme ambalo dada yangu alimletea. Maharage anayaweka kwenye mkaa kwa sababu gunia limeshalipiwa. Chai ya asubuhi ni mtungi. Wakifika wageni wa ghafla yanawashwa yote matatu, na siku hiyo haulizi bei.

Gridi inaendeshwa hivyo hivyo. Maji hayana ankara ya mafuta, kwa hiyo yanatangulia. Ila huwezi kuyamwaga yote. Ukimaliza Mtera mwezi wa Saba, mwezi wa Kumi utakuwa unatazama matope. Kwa hiyo gesi inashika kazi ya kila siku, Kinyerezi na Ubungo, kwa sababu haijui kiangazi. Mafuta ni ya wageni wa ghafla.

Wageni wa ghafla kwetu jina lao ni ukame, na ndio waliopandisha bei. Mwaka 2011 mabwawa yalikauka, mgawo ukauma, na mitambo ya mafuta ikakodishwa kwa dharura. Shirika likaomba kupandisha bei kwa asilimia 155, likapewa asilimia 40.29 kuanzia Januari 2012. Januari 2014 ikaja nyingine, asilimia 39.19, na uniti ya T1 ikaruka kutoka shilingi 221 hadi 306. Miezi ishirini na nne, mapandisho mawili. Tulilipa kiangazi pamoja na haraka, na haraka daima ni ghali.

Kuna ubaya mwingine ambao jiko la mama halina. Mtambo wa kukodi au wa mwekezaji hulipiwa hata ukiwa umezimwa. Mwaka 1995 nchi ilifunga mkataba na IPTL, mtambo wa Tegeta wa megawati kama 100 unaotumia mafuta mazito, na katika mkataba kulikuwa na malipo ya kila mwezi kwa ajili ya uwezo tu, yaani kwa kuwepo kwake. Ni sawa na kumkodi bodaboda kwa mwaka, akishinda amelala barazani kwako unamlipa, na siku ukitaka kwenda unamwekea na petroli. Kesi zake, na ile akaunti ya Escrow iliyoshikilia pesa zilizogombaniwa, ikatikisa Bunge mwaka 2014, zilitufundisha msamiati mwingi. Somo la bei halikuzungumzwa sana: sahihi iliyowekwa na watu wachache kabla mimi sijajua kusoma ilikuwa bado inanunua vocha yangu ya umeme ukubwani.

Halafu kuna upande wa pili, wa kuganda. Desemba 2016 EWURA ilikubali bei ipande kwa asilimia 8.53. Waziri akalisimamisha pandisho hilo mkesha wa mwaka mpya, na Januari 1, 2017 Rais Magufuli akamwondoa mkurugenzi wa TANESCO. Tangu hapo bei ya umeme wa nyumbani imekuwa kama jeraha, haiguswi. Kama mteja nashukuru. Ila shaba ya transfoma haikuganda, wala dola, wala kima cha mshahara. Tofauti ikiachwa bila kulipwa na bei, italipwa na kitu kingine, na kwa mawazo yangu ni laini zinazochelewa kubadilishwa. Na pale serikali inapohitaji pesa, inakuja kwa mlango wa nyuma wa risiti, kama kodi ya jengo, ambapo hakuna mtu wa kusema umeme umepanda.

Nami nilitegemea mengi kutoka Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere, mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115, shilingi trilioni 6.5. Mashine ya kwanza iliwashwa Februari 2024 na ya mwisho ikakamilika 2025. Uwezo wa nchi ulipanda karibu mara mbili. Mto wenyewe ni ule ule tunaouvuka kwa basi. Lakini umeme wake ulipotoka bwawani ulishika laini ya kilovolti 400 kwenda Chalinze, na sisi tulio kusini ya mto tukabaki tunategemea gesi yetu, kwa sababu laini kubwa ya kutufunga kwenye gridi ilipangwa kupitia mbali, Songea, Tunduru, Masasi hadi Mahumbika. Maji yaliweza kufurika Rufiji na mtu wa Nanganga akawa gizani kwa sababu mashine moja ya gesi imeharibika Mtwara. Kinachochagua chanzo cha umeme wako mara nyingi ni nguzo. Machi 2025 ilipotangazwa kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia wakati nchi ina ziada, watu walicheka sana mtandaoni. Mimi sikucheka. Umeme ukitembea mbali unapungua njiani, na mtu wa Mtwara anajua vizuri maana ya kuwa mwisho wa njia.

Kuna kichekesho kimoja ambacho mama alinitolea yeye, na sikuwa nimekifikiria. Aliugonga mtungi wake kwa kijiko.

"Na huu unatoka Madimba?"

Hautoki. Gesi ya Mnazi Bay ni methani, inasafiri kwa bomba. Gesi ya mtungi ni propani na butani, inaletwa nchini kwa meli kutoka ng'ambo, inashuka bandarini, inapakiwa lori, inavuka daraja la Mkapa na kuja kuchemsha chai Mikindani, mwendo mfupi tu kutoka kwenye visima vya gesi. Zipo nyumba za Mtwara zilizounganishwa na bomba la gesi ya kupikia, na wenyewe wanasifu. Kwa mama bomba halijafika. Mkakati wa Taifa wa nishati safi unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa, na kwenye televisheni wanamwonyesha mwanamke akipika maharage kwa presha ya umeme akitabasamu. Tulijaribu. Tulisoma mita kabla na baada: nusu uniti, maharage yakaiva vizuri. Kwa tarifu 4 ni shilingi 61, mkaa hauoni ndani. Ila ukipika hivyo kila siku umeongeza uniti 15 kwa mwezi, na mwanamke aliyekuwa kwenye 65 anafika 80, na mkakati wa Taifa umemvusha mstari. Hilo tangazo halisemi.

Kuhusu mradi wa gesi ya kusindika kuwa kimiminika pale Likong'o, Lindi, nitapita haraka kwa sababu wenyewe haupiti haraka. Futi za ujazo zaidi ya trilioni 57, mazungumzo ya miaka mingi, dola bilioni 42 zinazotajwa. Mjomba anasema akitaka kujua kama mwaka mpya umeingia, anasubiri kusikia kwamba makubaliano yako hatua za mwisho.

Tulifikiria na sola. Juani pale Mikindani friza ingefanya kazi mchana kutwa bila kumuuliza mtu, na barafu inataka mchana. Fundi alipotaja bei ya paneli, betri na inveta ya kubeba friza, mama alimkaribisha chai kwa heshima zote na hakurudi tena kwenye mada hiyo.

Akaja na lake. Barafu ikishaganda, friza iliyojaa ni kama mtungi wa maji ya kisima, haichemki kwa usiku mmoja. Kwa hiyo kila saa tatu usiku baada ya taarifa ya habari anachomoa, anaifunika friza kwa blanketi la marehemu baba, na saa kumi na moja alfajiri anachomeka. Jiko la presha alilirudisha kwenye boksi. Pasi ni Ijumaa tu. Lengo lake ni kushuka chini ya 75, akae hapo miezi ya kutosha, halafu apande daladala aende kuomba arudishiwe tarifu yake. Wajukuu wamekatazwa kufungua friza bila kusema kwanza wanataka nini.

Mwisho wa mwezi nilipita kumsalimia. Alikuwa barazani, miwani puani, daftari gotini, anajumlisha kwa mara ya tatu kwa kidole. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Mtoto wa jirani akaja na mia mbili yake mkononi, akasimama mbele ya friza kusubiri.

"Ngapi, mama?"

"Sabini na nane," alisema, na kumwambia mtoto afungue haraka afunge.